Uzito wa Kwanza

Wanangu mnaopiga chuma kila jioni, na nyinyi mabinti zangu ambao siku hizi mmejaa kwenye kumbi za mazoezi, nisikilizeni. Leo sitawafundisha mazoezi. Nataka niwape habari za mtu mmoja mfupi, kisha niwaambie kwa nini namkumbuka kila nionapo kijana anapakia sahani nyingi kwenye chuma ili watu wamtazame.

Huyo ni Naim Süleymanoğlu. Kimo chake kilikuwa sentimita 147. Wengi wenu mlikipita kimo hicho mkiwa shule ya msingi. Alizaliwa Januari 1967 katika kijiji cha Ptichar, kusini mwa Bulgaria, upande wa Kardzhali, katika jamii ya Waturuki Waislamu walioishi huko tangu enzi za dola ya Uthmaniya. Baba yake alikuwa mchimba madini, naye mfupi. Mama alikuwa mfupi zaidi. Kwa macho ya watu wa mtaani, mtoto yule hakuwa na lake kwenye mchezo wa nguvu. Kocha anayeijua kazi humtazama mtu mfupi kwa jicho jingine, maana kwa mwenye mikono na miguu mifupi, safari ya chuma kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa ni fupi vilevile. Alipofika miaka 15 alikuwa ameshavunja rekodi ya dunia ya watu wazima. Alipofika 16 alisukuma juu ya kichwa chake uzito mara tatu ya mwili wake. Kabla yake alikuwa amelifanya hilo mtu mmoja tu duniani, Mbulgaria Stefan Topurov. Lishikeni jina hilo la Topurov, tutakutana nalo tena.

Naomba tukae kidogo kwenye mnyanyuo wenyewe, kwa sababu vijana wengi huutazama bila kuuona. Mashindano yana minyanyuo ya aina mbili. Kuna snachi, ambapo chuma kinatoka sakafuni mpaka juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja. Kuna klini na jeki, ambapo kwanza kinapandishwa mabegani, mtu anasimama nacho, kisha anakisukuma juu. Anayetazama mara ya kwanza hudhani mnyanyuaji anakivuta chuma njia nzima. Hakuna binadamu awezaye hivyo kwa uzito mkubwa. Chuma kizito kinapanda kidogo tu, kinafika usawa wa kiuno au tumbo, na hapo mnyanyuaji anajitupa chini yake, anachuchumaa na kukidaka kabla hakijaanza kurudi. Tazameni video za Naim, mtaona miguu inahama kabla jicho lenu halijajua kilichotokea. Tazameni na mikono: kidole gumba hakikai nje, kinaubana ufito wa chuma na vidole viwili vinakuja juu yake kukifunga. Wiki za mwanzo kinauma mpaka machozi. Baadaye kinazoea.

Sasa fikirini. Kuingia chini ya kitu chenye uzito mara tatu ya mwili wako kunataka uwe unaijua nguvu yako kwa hakika, bila kubahatisha. Chuma hakipokei sifa wala hakisikilizi maneno. Kilo 100 ni kilo 100 Temeke, ni kilo 100 Sofia. Ndiyo maana naupenda mchezo huu kuliko michezo yote, na ndiyo maana naogopa nikiona mtu anataka kuudanganya.

Mwaka 1984 Naim alistahili kwenda Olimpiki ya Los Angeles. Hakwenda, kwa kuwa Bulgaria iliufuata Umoja wa Kisovieti katika kuisusia. Hilo lilikuwa dogo kulinganisha na lililokuwa njiani. Katika majira ya baridi ya mwaka huo kuingia 1985, serikali ya Todor Zhivkov iliamua kwamba Bulgaria haina Waturuki. Askari walizingira vijiji, watu wakapewa vitambulisho vipya vyenye majina ya Kibulgaria ambayo hawakuyaomba. Kuzungumza Kituruki hadharani kukapigwa marufuku. Walioandamana walikamatwa, na wengine walipigwa risasi wakafa. Hata wafu hawakuachwa na majina yao. Kijana aliyekuwa akiiletea nchi ile medali hakusalimika. Naim Suleimanov, kama alivyoandikwa huko wakati ule, akaambiwa kwamba tangu leo yeye ni Naum Shalamanov, na kwa jina hilo akapanda majukwaani kushindana.

Nawaomba mlitafakari jambo hili. Serikali ile ilimpa kila kitu ambacho mwanamichezo hukiota. Alikuwa na ukumbi, chakula, daktari na safari za nje. Timu ya taifa ilikuwa mikononi mwa Ivan Abadzhiev, kocha mkali aliyewafanya vijana wake wanyanyue uzito wa juu kabisa siku baada ya siku, mara kadhaa kwa siku, mpaka dunia nzima ikaanza kuiga mbinu zake. Kilichotakiwa ni anyamaze tu. Wengi wetu tungenyamaza, na sidhani kama kuna ambaye angetulaumu.

Desemba 1986 timu ilikuwa Melbourne, Australia, kwenye Kombe la Dunia. Mashindano yalipokwisha, Naim akaingia mitini. Waturuki wanaoishi huko wakamficha kwa siku kadhaa, kisha akajisalimisha kwenye ubalozi wa Uturuki. Akapitia London, ambako ndege iliyotumwa na Waziri Mkuu Turgut Özal ilimchukua mpaka Ankara. Alikuwa na miaka 19. Wazazi na ndugu zake walibaki Bulgaria, na alipokuwa akipanda ile ndege hakuwa na njia ya kujua watatendwa nini.

Simtaji ili mmoja wenu awaze kutoroka kambini. Namtaja kwa sababu kila mmoja wenu mwenye kipaji atafuatwa siku moja na mtu mwenye sura njema, atamwambia: tupunguze miaka miwili kwenye cheti chako cha kuzaliwa, tukuandike jina la binamu yako, upate nafasi kwenye timu ya vijana. Atasema kila mtu anafanya. Mwanangu, ukikubali, kila utakachokinyanyua kitaandikwa kwa jina la mtu ambaye hayupo. Utashinda, na mama yako hataweza kusema hadharani kwamba huyu aliyeshinda nilimzaa mwaka fulani. Naim aliacha mama na baba nyuma yake ili jina alilopewa na wao lisomwe kwa sauti. Wewe unaombwa uliuze kwa nafasi ya kambi ya mwezi mmoja.

Sheria za wakati ule zilimtaka mtu aliyehama nchi asubiri miaka mitatu kabla ya kushiriki Olimpiki, isipokuwa nchi yake ya zamani iridhie. Uturuki ililazimika kuilipa Bulgaria ili iridhie. Fedha zinazotajwa zinazidi dola milioni moja. Basi tarehe 20 Septemba 1988, kule Seoul, Korea Kusini, akapanda jukwaani katika daraja la kilo 60. Alivuta snachi ya kilo 152.5. Klini na jeki akafikisha 190. Jumla 342.5. Rekodi sita za dunia zilivunjika jioni ile. Wa pili alikuwa yuleyule Topurov, naye alikuwa na 312.5, yaani kilo 30 nyuma. Na katika daraja lililofuata, la watu wa kilo 67.5, medali ya dhahabu ilikwenda kwa aliyenyanyua 340. Kwa maneno mengine, mtu wa sentimita 147 angewashinda hata wale waliomzidi mwili. Duniani wakamwita Hercules wa mfukoni.

Kwenye Olimpiki hiyohiyo Wabulgaria wawili, Mitko Grablev na Angel Genchev, walishinda dhahabu, kisha wakapimwa na kukutwa na dawa. Medali zikarudishwa, na timu nzima ya Bulgaria ya kunyanyua uzito ikajiondoa kwenye mashindano. Dawa yenyewe ilikuwa furosemaidi. Msidhani ni kitu cha maabara za siri. Ni ileile ambayo babu zenu wenye moyo uliotanuka na miguu iliyovimba huandikiwa hospitalini ili watoe maji. Mnyanyuaji huinywa akojoe, apungue uzito upesi aingie daraja la chini, au maji yale yaoshe alama za dawa nyingine kwenye mkojo. Pamoja na maji hutoka madini ya potasiamu, ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa. Kijana mzima anaweza kuanguka kwa sababu hiyo. Nimesikia kwamba kuna mtu anayepita kwenye kumbi zenu akiuza vidonge na sindano kwenye mfuko wa nailoni. Nawasihi, msinunue kwake hata panado.

Mwaka 1992 kule Barcelona Naim alishinda tena, bila kusumbuka sana. Aliyepata fedha aliitwa Nikolay Peshalov, kijana wa Bulgaria. Na jina hili pia lishikeni.

Atlanta, 1996, ndiko ninakotaka mjifunze kumheshimu mpinzani. Januari ya mwaka ule Uturuki na Ugiriki zilikaribia kupigana vita kwa sababu ya visiwa viwili vya mawe visivyokaliwa na mtu katika Bahari ya Aegean. Miezi sita baadaye, katika daraja la kilo 64, wakakutana Naim na Mgiriki Valerios Leonidis, ukumbi umegawanyika, bendera nyekundu huku, za buluu na nyeupe kule. Katika snachi Naim alimwacha kwa kilo mbili na nusu tu, 147.5 kwa 145. Wakaingia kwenye klini na jeki. Naim akanyanyua 185, rekodi ya dunia. Leonidis akaja akanyanyua 187.5, akaivunja palepale. Naim akarudi, akanyanyua 187.5 ileile, jumla ikawa 335. Leonidis akaomba 190. Akapambana na chuma, akashindwa. Dhahabu ya tatu ikawa ya Naim, na hakuna mnyanyuaji aliyewahi kufikisha tatu kabla yake.

Kilichonigusa kuliko rekodi zote ni kwamba mmoja asingefika pale bila mwenzake. Naim asingeuomba uzito ule kama Leonidis asingemlazimisha. Nyinyi mna desturi mbaya ya kumzomea mwenzenu anayewakaribia, mnafurahi akikosa, wengine mnamtupia maneno wakati anapaka mikono chaki. Acheni. Huyo ndiye anayewaonyesha nguvu mliyonayo. Naim alipofariki, Leonidis alisafiri mpaka Istanbul kumzika, akalibusu jeneza lake.

Nafika kwenye sehemu inayonisumbua, na sitaipita kwa sababu ya mapenzi niliyonayo kwa mtu huyu. Mwaka 2000 Naim alirudi tena, kule Sydney, akiitafuta dhahabu ya nne. Alikuwa na miaka 33. Daraja sasa lilikuwa kilo 62, mwili mwepesi kuliko ule aliokuwa nao Atlanta.

Mnajua kanuni. Kila mnyanyuaji ana majaribio matatu ya snachi na matatu ya klini na jeki. Uzito wa kuanzia anautaja mwenyewe, hakuna anayempangia. Ukishawekwa kwenye chuma haurudi chini. Ukishindwa unaweza kurudia uleule au kuongeza, kupunguza hakuna. Ukikosa mara tatu kwenye snachi, huna jumla. Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuliko yote katika mchezo huu unafanywa kabla hujagusa chaki, kwenye karatasi. Naim aliandika 145. Yaani kilo mbili na nusu tu pungufu ya snachi iliyompa dhahabu miaka minne nyuma, akiwa kijana zaidi na mzito zaidi. Alijaribu mara ya kwanza, akakosa. Ya pili, akakosa. Ya tatu, akakosa. Jina lake likabaki kwenye orodha bila namba mbele yake.

Siku hiyo dhahabu ilichukuliwa na Nikolay Peshalov, yule wa fedha wa Barcelona, sasa akiinyanyulia Kroatia. Kati ya hapo na hapo alikuwa ameshapata shaba Atlanta katika daraja jingine. Miaka minane alikuwa akinyanyua alichokiweza, anakubali medali inayolingana nacho, anarudi mazoezini.

Naamini Naim aliandika uzito wa mtu aliyekuwa zamani. Hilo ni kosa la mabingwa, nalo lina heshima yake ndani. Lenu ni baya zaidi: mnaandika uzito wa mtu ambaye hamjawahi kuwa. Kijana snachi yake ya mazoezini ni kilo 70, na hata hiyo kwa siku njema. Akifika mashindanoni na kumwona binti anayempenda amekaa mbele, anaandika 80. Anakosa mara tatu, anashuka jukwaani, anasema chuma kilikuwa kinateleza. Na tabia hiyo haiishii ukumbini. Ndiyo hiyo inayomfanya mtu akope pesa afanye harusi ya watu mia tano na mwezi unaofuata hana kodi ya chumba. Kufa na tai shingoni, wahenga wa mjini wameshatuambia.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii yangu, nami sina nyingine. Uzito wa kwanza uwe ule ambao mmeshaunyanyua mazoezini hata siku mlipoamka na mafua, hata siku mliyogombana na mtu nyumbani. Wa pili uwe ule mnaoujua kwa juhudi. Wa tatu hapo sawa, utafuteni, mkikosa hamjapoteza jumla. Mabinti, kwenu ni hivyohivyo; chuma chenu ni cha kilo 15 na chembamba kidogo kuliko cha kilo 20 cha wanaume, lakini kanuni ni moja. Na mjue kwamba Sydney ile iliyomwangusha Naim ndiyo Olimpiki ya kwanza ambayo wanawake waliruhusiwa kunyanyua. Nyinyi hamna kisingizio cha kusema mchezo huu si wenu.

Baada ya Sydney Naim alistaafu. Alikuwa ameshajaribu siasa kabla ya hapo, akajaribu tena baadaye. Kura hazikumpa kiti, na sioni haja ya kulirefusha hilo. Mwili wake ndio ninaotaka kuuzungumza. Alivuta sigara hata zama za ubingwa wake, wala halikuwa siri. Miaka ilipokwenda, ini lake likaharibika, likasinyaa. Oktoba 2017 akapandikizwa ini la mtu mwingine. Mwezi uliofuata damu ikavuja kwenye ubongo, na tarehe 18 Novemba akafariki Istanbul, akiwa na miaka 50. Umma wa watu ulifurika kumzika. Miaka 50, wanangu. Mimi nimeshazika wenzangu wengi, na bado nasema huo si umri wa kufa mtu mwenye mwili ule.

Misuli hutuonyesha kila siku mahali ilipofika. Ini halisemi kitu mpaka mambo yameshakuwa mabaya. Mtu anaweza kuwa na mabega ya kujaza mlango na ndani ini limeshaliwa nusu. Vinavyoliharibu mnavijua: pombe, na homa ya ini, ile B na ile C, ambazo katika nchi zetu zimeenea na zinapita kwa damu. Wanaochangia sindano za kujaza misuli wanachangia na hizo. Hata wembe mmoja wa kunyolea ndevu, mnaoachiana pale bafuni mwa ukumbi, unatosha. Bingwa wa dunia alijua kilo ngapi zinakaa juu ya kichwa chake. Nataka na nyinyi mjue kilichoko chini ya mbavu zenu.

Basi nendeni mkapime homa ya ini B. Ni damu kidogo tu, na majibu hayachukui muda. Atakayekutwa hana, achanjwe. Chanjo kwa mtu mzima ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na wengi huchoma ya kwanza wakasahau mbili zilizobaki, kwa hiyo andikeni tarehe kwenye lile daftari mnaloandikia kilo zenu. Atakayekutwa nayo asijifiche, kwa sababu zipo dawa za kuituliza na watu wanaishi nayo miaka mingi wakifuatiliwa. Nendeni wiki hii. Na anayeogopa kwenda peke yake aje nyumbani kwangu baada ya sala ya alasiri, tutakwenda pamoja, nami nitapima wa kwanza.